Gari Lililotoka Jangwani

Siku ile mjinga alikuwa Hilaire, na hata leo ukimuuliza hatakuficha. Atajigonga kifua kama mtu anayeungama kanisani, aseme, "Njo minye," yaani ndiye mimi, kisha acheke kidogo.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, mwezi wa nane, mwaka 1976. Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ilikuwa imekwisha, na watu wa Kikula, mtaa wa Likasi, walikuwa wakinawa mikono baada ya kuzibua mifereji kwa ajili ya taifa. Hilaire alikuwa fundi wa magari katika karakana ya kiwanda. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Kalenga, maana majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini nyumbani hakuna aliyelizoea jina hilo, hata mbwa. Mikono yake iliijua injini kuliko ilivyoijua sabuni. Mdomo wake ndio uliokuwa na kasoro: aliutengeneza Mungu bila kuufungia breki.

Gari lile, jipu kuukuu, alilipata kwa mapadri. Alikuwa amewafufulia jenereta yao, nao wakamwonyesha banda la nyuma, wakamwambia achukue kile chuma kama anakitaka, kuku wamechoka kutagia humo. Ilikuwa jipu ya vita, ile ndogo isiyo na milango, ya kioo cha kulaza mbele. Mapadri waliinunua jeshini baada ya vita kuu, wakaipaka rangi ya kijani, wakaitumia hadi ikachoka. Hilaire alipoikwangua ile kijani akakuta chini yake rangi nyingine, rangi ya biskuti. Mbele ya rejeta kulikuwa na mkebe wa bati uliolehemiwa mrija mwembamba wa shaba. Alipouona mkebe ule alipiga kelele ya furaha peke yake bandani, kuku wakatawanyika.

Mkebe aliujua kwa masimulizi. Mzee Stanislas, baba wa mke wake Émérence, alikuwa dereva katika jeshi la Wabelgiji. Mwaka 1943 aliendesha jipu kutoka huku kwetu, akapita Sudani, akakata jangwa, hadi Misri. Jioni za Jumapili, akiwa ameshiba bukari, ugali wetu, alisimulia namna walivyokaanga mayai juu ya boneti, na namna walivyopunguza upepo wa matairi ili gari likanyage mchanga kama bata. Mkebe ule ulifungwa mbele ili mvuke wa rejeta uingie humo, upoe, urudi kuwa maji, maana huko hata tone lina mwenyewe. Watu walicheka, naye alicheka. Hadithi yake sikuzote iliishia katikati ya jangwa. Hakuna aliyewahi kumsikia akifika Misri, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Basi Hilaire akaona ampelekee mkwe wake zawadi. Miezi minne alifanya kazi kwa siri. Akapata kabureta ya kuokoteza, akashona viti upya kwa turubai. Chini ya kiti cha kulia alikuta mchanga, kama kikombe kizima. Udongo wa Likasi kila mtu anaujua, mwekundu, ukikushika hauachi. Ule ulikuwa wa manjano, laini kama unga wa muhogo, na ulikuwa na joto. Hilaire alidhani ni joto la bati. Akaufagia, akasahau.

Jumamosi hiyo aliingia uani akipiga honi tangu kona ya soko. Watoto walikimbia nyuma, Émérence alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee Stanislas alikuwa amekaa kivulini akiwamba kiti chake cha kamba. Aliinua macho. Hakutabasamu. Alisimama polepole, kamba zikamdondoka mapajani, akatazama si jipu, si Hilaire, bali pale mahali pa abiria.

"Uko na nani pale?" akauliza.

Hilaire aligeuka. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo ujinga ulipotimia. Mkwe hamtanii baba mkwe. Hilo hufundishwi, unazaliwa nalo. Lakini furaha ilikuwa imempanda kichwani kama pombe ya lutuku, na ule mdomo tumekwisha kuuzungumzia.

"Ni mwenzako wa vita, Papa!" akasema. "Nilimukuta mu njia, anakuya kukusalimia!"

Watoto walicheka. Mzee hakucheka.

"Casimir," alisema. Hakulitamka jina kama mtu anayeita. Alilitamka kama mtu aliyeitwa. Akaja akamsukuma Hilaire taratibu kwa kiganja, akapanda, akaketi mbele ya usukani, akaweka mikono yake miwili juu yake.

Hakushuka.

Siku ya kwanza walidhani ni furaha ya mzee. Usiku Émérence alimfunika blanketi. Siku ya pili alimletea bukari na samaki, mzee akatikisa kichwa. Maji alipokea, kikombe kimoja. Alikunywa nusu, na nusu nyingine akaimimina taratibu upande wa kulia, kama anayemnywesha mgonjwa. Hilaire alikuwa amesimama pale pale. Aliona maji yakitoka kikombeni. Hakuona yakifika chini. Sakafu ya bati ilibaki kavu, na udongo wa uani chini yake ukabaki kavu pia.

Alifagia ule mchanga wa manjano chini ya kiti asubuhi, adhuhuri aliukuta tena. Turubai jipya la kiti cha kulia lilikuwa limebonyea katikati, namna kiti kinavyobonyea kikikaliwa. Alilivuta, akalikaza, akageuka kuchukua koleo. Aliporudi limebonyea.

"Rudisha hii kintu kwa bapadri!" Émérence alimfokea nyuma ya jiko.

"Nitairudisha namna gani na papa yako ndani?"

"Ulimuambia nini papa yangu?"

"Mama, nilicheka tu."

"Ulicheka! Basi muende mucheke bote wawili, weye na ile muntu ulimuleta."

Hilaire alichukua koleo, akarudi kukaza turubai.

Katekista Joachim aliitwa, akaja na chupa ya maji ya baraka. Alisali vizuri, akanyunyiza. Matone yalimeta hewani, kisha hayakuwepo tena. Joachim alitazama chupa yake, akatazama kiti, akakumbuka kwamba ana mafundisho ya komunyo. Hata viatu alivyovua ili asali alivivaa akiwa njiani.

Siku ya tatu midomo ya mzee ilikuwa imepasuka, nyeupe, na Likasi haikuwa na jua la kupasua mtu midomo hivyo. Macho yake aliyafinya kana kwamba anatazama mbali, mahali pasipo na kitu. Émérence alikaa chini penye gurudumu, akalia bila sauti. Ndipo aliposema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mumewe.

"Kila mwaka, kiangazi, Papa anavaa nguo ya misa, anapanda lori ya kwenda Kakanda. Hafikake kule. Anashuka mu njia, anarudi kwa miguu. Mama, kabla ya kufa, alimuuliza kuko nini kule. Hakujibu."

Hilaire alivua kofia. Alipita upande wa dereva, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mkwe, ile ambayo ingefaa tangu Jumamosi: "Papa, unisamehe. Kakanda kuko nani?"

Mzee alikitazama kiti cha kulia.

"Dada yake," alisema.

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu, alipita ile katikati ya jangwa.

Casimir alikuwa wa ukoo wa Chui, na yeye Stanislas ni wa ukoo wa Mbuzi. Hao ni watani tangu mababu. Katika kikosi chao walikuwa wao wawili tu wa namna hiyo, nao walitaniana kutoka Congo hadi mchangani. Kila asubuhi Casimir alimpapasa mbavu na kuuliza kama mbuzi amenona. Walipatana vile watani wanavyopatana: atakayetangulia, mwenzake atamzika. Na mtani huzika kwa matusi. Huruka kaburini akamwambia maiti ni mvivu, ondoka, unatuchosha. Humwibia kofia na kuivaa. Huwachekesha wafiwa hadi machozi yao yasijue yanatokea wapi. Mtani halii. Mtani akilia, nani tena atamwambia marehemu kwamba safari imekwisha?

"Tulikuwa mbele ya msafara, tunatafuta mahali pagumu pa kupita," mzee alisema. "Minye njo nilikuwa naendesha. Nilipanda kilima ya mchanga haraka, haraka ya bujinga. Upande wa pili hakukuwa kitu. Gari iligeuka. Minye nilirushwa. Yeye ilimulalia."

"Alikufa palepale?" Hilaire aliuliza.

"Hapana. Alinicheka kwanza. Alisema, 'Mbuzi, nani alikupa permis ya kuendesha?'"

Sajini wa kizungu alitoa dakika kumi. Walichimba, mchanga ukawa unarudi shimoni. Walimlaza. Askari wote wakamtazama Stanislas, wale wa Katanga na wale wa makabila mengine ambao hata hawakujua wanangoja nini. Naye alifungua kinywa atukane, kilio kikatoka. Alilia kama mjane. Mwisho akasema, "Pumzika kwa amani," maneno mazuri, maneno ya kitabu, maneno ambayo angemwambia mtu yeyote. Walisimika debe la petroli kichwani mwa kaburi, wakasimamisha jipu kwa matairi yake, ikawaka. Alipoingiza gia aliona kiti cha kulia kikibonyea.

"Toka siku ile," mzee alisema, "kila gari nilioendesha."

Émérence alijifuta uso kwa kitenge, akasimama.

"Twende Kakanda."

"Minye na yeye tutatosha," Hilaire alisema.

"Papa ni wangu, bujinga ni yako. Tunaenda wote."

Hilaire alizunguka ili aketi mbele. Mzee alinyoosha mkono kumzuia. "Hapa pako muntu. Kaa nyuma." Akakaa nyuma na mkewe, magoti yakigusa kidevu, akatazama mgongo wa kiti kile kitupu kwa safari nzima. Na mzee aliyekuwa hajala siku tatu aliiwasha jipu mara moja, akaitoa uani kinyumenyume bila kugusa hata ndoo.

Waliipanda barabara ya Kambove saa tatu asubuhi. Vumbi jekundu liliwafuata. Ila ndani ya jipu Hilaire alitafuna kitu, akatema kiganjani: punje za manjano. Alizifumba mkononi Émérence asizione. Émérence naye, alikuja kujua baadaye, alikuwa amefumba zake.

Kwenye kizuizi, mahali ambapo magogo mawili huwekwa barabarani kuwakumbusha wasafiri kwamba kuna serikali, gendarme mmoja, askari kijana, aliwasimamisha.

"Karata zenu, citoyens," alisema, maana siku hizo kila mtu aliitwa raia.

Hilaire alikusanya vitambulisho, akampa. Kijana akahesabu.

"Ni tatu. Muko bane."

"Tuko batatu, chef," Hilaire alisema.

"Usinicheke. Na huyu anasinzia hapa mbele?" Gendarme alikielekeza kiti cha kulia kwa kidole. "Citoyen! Karata!"

Siku nyingine yoyote Hilaire angekuwa na majibu saba. Sasa alishika mkono wa mkewe. Mzee Stanislas ndiye aliyejibu, akitazama mbele.

"Karata yake ilibakia kwa jeshi. Ni askari."

Gendarme aliinama kidogo, akakitazama kile kiti kwa muda. Taratibu rangi ya uso wake ikabadilika. Alirudisha vitambulisho bila kuviangalia, akasogeza gogo mwenyewe. Walipopita, Hilaire aligeuka akamwona amesimama wima katikati ya vumbi, mkono kwenye kofia, mdomo wazi.

Penye mteremko wa mwisho kabla ya Kakanda, mguu wa mzee uliondoka kwenye pedali ya mafuta. Gari likasinzia. Hapo ndipo alipozoea kushuka kila mwaka. Émérence alitambua kwa namna mabega yake yalivyoanguka. Alimwekea baba yake kiganja shingoni, akakiacha hapo. Gari likaenda.

Dada yake Casimir, Marceline, walimuulizia kwa jirani mmoja tu, wakaonyeshwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpana, amefunga kitambaa cheusi cha kazi, alikuwa akianika mihogo juu ya mkeka. Alipoona jipu ya rangi ile ikiingia kwake aliachia ungo. Mzee alizima injini. Hakushuka.

"Mama," alisema, "minye ni Stanislas. Wa Mbuzi."

Marceline alifuta mikono. Alisogea hatua moja.

"Mbuzi wa Casimir?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu aliandikishaka barua moja," Marceline alisema. "Ilifika nyuma ya ile karatasi ya jeshi ya kusema alikufa. Alisema: nikifa huku usiogope, iko mbuzi moja hapa, itanizika na kicheko." Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaikaza. "Nilikungojea unieleze. Ulimutukana namna gani? Sema tucheke."

Émérence aliinamisha kichwa. Hilaire alitamani ardhi imfungukie, maana alikuwa ameiona midomo ya mzee, iliyopasuka, ikijaribu na kushindwa.

"Sikumutukana," mzee alisema hatimaye. "Nililia. Nilimuambia apumzike kwa amani."

Upepo ulipita juu ya mihogo. Marceline alibaki amesimama, mikono kiunoni, na hakuna aliyejua kama ataangua kilio au atachukua mchi. Alizunguka jipu kwa nyuma, polepole, hadi upande wa kulia. Akautazama ubonyevu wa kile kiti. Alinyoosha mkono, akaushikilia juu ya turubai bila kugusa, kama mtu anayepima joto la jiko.

"Eko hapa," alisema.

"Eko."

"Na weye haukule. Nakuona. Unataka kumufuata."

"Haki yake ni ile," mzee alisema. "Njo minye nilimuua na mwendo yangu, njo minye nilimuzika vibaya."

"Sasa nasema ashuke. Abakie hapa, kwa bantu yake. Leo tutamufanyia kilio yake, na weye utafanya kazi ya mbuzi."

Mzee aling'ang'ania usukani hadi vifundo vikawa vyeupe. "Hapana, mama. Usimushushe."

"Ni kaka yangu!"

"Nilimuacha mara moja mu mchanga, peke yake, na debe kwa kichwa. Sitamuacha mara ya pili. Nilimuapia. Pahali naenda, tunaenda naye. Aliniomba kicheko, nikakosa. Basi nimupe hata kiti. Sina kingine ya kumupa. Nilimubeba vizuri, mama, sikumusukuma, sikumupigisha mu mashimo, hata mara moja..."

Alikuwa akilia sasa, mzee mzima, machozi yakichora mistari katika vumbi la manjano mashavuni mwake. Marceline alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia. Kisha alirudi upande wa dereva, akauingiza mkono wake mpana ndani, akampapasa mbavu, moja moja, kama mnunuzi sokoni, na alipofungua kinywa ilikuwa sauti ya ukoo wote wa Chui, sauti ya mtani.

"Mbuzi ya mifupa weye, na unajiita shofere! Myaka makumi tatu na tatu unazungusha kaka yangu na gari, na hata siku moja haukumuuliza anashukia wapi?"